Mlezi wa Nyuma ya Nyumba

Siku hiyo Aslak aliamka bila kulia. Hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza, na kama baba yake asingekuwa amechoka hoi, pengine angelitilia maanani.

Aslak alikuwa hajatimiza mwaka, na tangu azaliwe hakuwahi kuamka ila kwa kilio cha kuita majirani. Alipata usingizi wa maana mara moja tu kwa siku, mchana, nje, ndani ya kigari chake nyuma ya nyumba, kama walivyolala watoto wetu wote tangu enzi za bibi zetu. Unamvisha sufu juu ya sufu, unamfunika ngozi ya kondoo, unamweka kwenye theluji karibu na ukuta, mahali pasipo upepo, kisha unarudi ndani kunywa kahawa. Mtoto anayelala ndani mchana huwa mnyonge. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna mzazi wa kijiji chetu cha Skarvfjord atakayeona kigari kimesimama peke yake kwenye baridi akashtuka.

Baba yake, Torgeir, alikuwa dereva wa gari la kukwangua theluji. Majira yale hakuwa akiendesha chochote isipokuwa hicho kigari, maana ilikuwa zamu yake ya likizo ya uzazi. Mkewe, Solrun, alikuwa fundi umeme kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari: majuma mawili huko, kisha nyumbani, kisha huko tena. Akiondoka, Torgeir alibaki na Aslak na dada yake Jorid, mwenye miaka minne na maneno mengi kuliko redio.

Asubuhi zao zilianza kwa vita vya soksi. Soksi zikiisha, ilikuwa glavu nyekundu, na glavu nyekundu zilikuwa daima mbili za mkono mmoja. Uji ulimwagika. Aslak akaupaka kwenye nywele. Jorid akavishwa suruali ya theluji, koti, kofia, viatu, akafungwa kila kamba na kila kifungo, ndipo akatangaza kwamba anataka kukojoa. Usiku nao ulikuwa wa Aslak. Alilia akibebwa, alilia akilazwa, alilia akiimbiwa, na Torgeir alizunguka naye sebuleni mpaka akajua kila ubao wa sakafu unavyolalamika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye mwenyewe. Wahenga hawakulala na Aslak.

Basi siku hiyo Torgeir alimlaza mtoto nje, akaweka kiredio cha kumsikilizia mezani, akainamisha kichwa karibu na kikombe ili apumzishe macho kidogo tu. Alipozinduka dirisha lilikuwa jeusi. Ilikuwa ile miezi ambayo jua halichomozi kwetu, adhuhuri huleta mwanga wa buluu juu ya milima kisha hujiondokea, lakini hata hivyo alijua amelala sana. Alitoka mbio akiwa na soksi tu miguuni. Aslak alikuwa macho, ametulia, anaangalia juu. Nepi yake ilikuwa kavu. Mdomoni alinukia maziwa, na si yale ya kopo.

"Umekuwa mtu mzima sasa, eh?" Torgeir alimwambia, akacheka kwa furaha ya mtu aliyelala.

Kesho yake alikisikia kigari kwenye kiredio. Springi zake zilikuwa na kilio chembamba zikitikiswa, kwii, kwii, taratibu, kama mtu anavyotikisa huku akiwaza mambo yake mengine. Na chini ya hicho kilio kulikuwa na mvumo wa mtu anayeimba bila kufungua mdomo. Torgeir alidhani ni upepo. Alichungulia dirishani: moshi wa nyumba ya jirani ulikuwa umesimama wima. Alipozunguka nyumba, kigari kilikuwa kikicheza peke yake juu ya theluji, kikapunguza, kikasimama alipokifikia. Nyayo zilizokuwepo zilikuwa za Torgeir mwenyewe tu. Aslak alikuwa amelala fofofo, mashavu yamejaa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angemnyakua mwanawe akimbie. Lakini usingizi ni kitu kibaya mno ukikosekana. Unamfanya mtu awe mwizi, awe mwongo, na unamfanya amshukuru yeyote. Torgeir alisimama pale, mwili umempumzika kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke, akajikuta anauambia uwanja mtupu:

"Asante kwa leo."

Kwetu asante haina uzito. Tunashukuru kwa chakula, tunashukuru kwa leo tukiagana na mtu tuliyefanya naye kazi, tukikutana naye tena tunamshukuru kwa mara iliyopita. Mtu akikukanyaga kwenye basi unaweza ukajikuta umemshukuru. Ilimtoka tu. Lakini nyuma ya rundo la kuni kitu kilishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mzito, na harufu ya sufu mbichi ikapita usoni pake pamoja na harufu ya udongo wa ghala la viazi. Torgeir aliangaza macho kwenye kuni. Kisha akajiambia ni kondoo wa mtu wametoka zizini, akaingia ndani kupika.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, lazima tuseme kweli. Aslak alilala mchana kutwa na usiku pia. Torgeir alinyoa ndevu. Alifua, alipasua kuni, alicheza karata na Jorid na kumwacha ashinde kwa wizi. Solrun alipopiga simu ya video kutoka baharini, alimtazama mwanawe akapiga mluzi.

"We Torgeir, unamlisha nini huyo? Ananenepa kama sili wa baharini!"

"Mapishi yangu hayo."

"Mapishi gani, wewe? Hata yai linakuungulia." Akacheka, kisha akakaribia kioo. "Mbona hanitazami? Aslak! Mama huyu hapa!"

Mtoto alikuwa ameangalia upande wa dirisha, na hakugeuka.

Kitu kingine ambacho Torgeir hakumwambia mkewe ni kwamba Aslak alikuwa hali chakula. Chupa aliisukuma. Uji aliutema. Mafuta ya samaki, ambayo kila mtoto wa kwetu hupewa kijiko akitaka asitake, aliyatapika yote. Hata hivyo mapaja yake yalizidi kujaa. Na alikuwa baridi. Ukimshika shingoni chini ya nguo zote zile, ulihisi kama unashika ukingo wa dirisha.

Jioni moja Jorid alikuwa akichora mezani. Aliuliza bila kuinua kichwa:

"Baba, kwa nini humkaribishi kahawa yule mama?"

"Mama yupi?"

"Wa nyuma ya nyumba. Anayemnyonyesha Aslak."

Torgeir aliweka sahani chini polepole. "Jorid, hakuna mama nyuma ya nyumba."

"Yupo. Ana nywele ndefu zinatona maji. Lakini hazigandi." Akabadilisha penseli. "Nimemwambia mimi pia nataka kulala kwenye kigari, akasema mimi hujanisema bado."

"Sijakusema vipi?"

"Sijui. Amesema wewe ulimshukuru. Amesema hakuna mtu amewahi kumshukuru." Sauti ikashuka ikawa ya siri. "Alikuwa na mtoto wake, baba. Yuko chini kule. Hasogei."

Torgeir alifunga mlango wa nyuma kwa komeo, komeo ambalo tangu nyumba ijengwe lilikuwa halijawahi kufungwa. Lakini kesho yake alichoka tena, Aslak alipiga kelele mlangoni mpaka akawa wa zambarau, akinyoosha mikono kuelekea nje, na baba yake alimtoa. Simlaumu sana. Mwenye njaa hana miiko, na njaa ya usingizi ni njaa kama nyingine.

Aliyemfumbua macho ni Mzee Edvart, jirani, mvuvi mstaafu mwenye ulimi wa kutania. Alikuja na samaki wawili kwenye ndoo akamkuta Torgeir anamtoa mtoto kigarini.

"Habari za mchana, mama Torgeir! Nepi zimekauka?"

"Zimekauka. Leta na wewe zako nikufulie."

Mzee alicheka, akainama kumchezea mtoto. Theluji laini ilikuwa ikianguka, na chembe zake zilikuwa zimetua kwenye shavu la Aslak, kwenye mdomo, kwenye kope. Edvart aliangalia kwa muda. Kicheko kilimkauka usoni.

"Torgeir," alisema kwa sauti ya chini. "Hii theluji haiyeyuki."

"Kumepoa leo."

"Kumepoa, ndiyo. Mimi natoka baharini ndevu ni barafu, lakini ikigusa ngozi yangu inakuwa maji." Aligusa shavu la mtoto kwa kidole, akakirudisha haraka. Aliangaza nyuma yake, kwenye rundo la kuni, kisha akasogea mpaka pumzi yake ikamfikia Torgeir sikioni. "Nani anakulelea huyu?"

Torgeir alitaka kumjibu kwa mzaha. Badala yake machozi yalimtoka, akasema yote pale pale, kwa kunong'ona, mtoto kifuani. Torgeir alipomaliza, Edvart alitoa simu yake akatafuta namba.

"Mpigie Bi Hildur. Sasa hivi, ukiwa ndani. Na uongee polepole, wana masikio hao wa chini."

Hao wa chini, ndivyo tunavyowaita huku. Wengine watasema majini, na hakuna atakayekosea. Bi Hildur alikuwa msomaji, mmoja wa wale wanaoweza kukatisha damu inayotoka jerahani na kutuliza walioshtuliwa, kwa maneno wanayoyasoma chinichini, hata kwa simu. Maisha yake yote alikuwa akikata samaki kiwandani. Alipopokea, televisheni ilikuwa ikipiga kelele nyuma yake.

"Jina la mtoto," alisema. "Na la mama yake."

Torgeir alimpa. Televisheni ikazimwa. Kwa muda kulikuwa na mnong'ono tu upande wa pili, kama maji chini ya barafu, kisha ukakatika ghafla.

"Ulimwambia asante?"

"Ilinitoka tu, mama. Sikukusudia."

"Basi umemwajiri." Alivuta pumzi. "Mwizi wa kwao ningemfukuza nikiwa nimekaa hapa hapa na soksi zangu. Lakini huyu mmepatana. Amefanya kazi, umeipokea, na maziwa yake yameingia mwilini mwa mtoto. Kwa hesabu yake yeye ni mama."

"Anataka nini? Nitampa chochote."

"Usirudie neno hilo! Anamtaka mtoto. Ila hawezi kumchukua hivi hivi. Kwao ni haramu kumchukua mtoto ambaye mzazi hajamtoa. Ni lazima umkabidhi wewe, kwa mkono wako na kwa kinywa chako. Siku utakayosema 'mchukue', hata kwa usingizi, yule ni wa kwake."

"Siwezi kusema hivyo hata nikilewa."

"Mwanangu, umelala lini usiku wa kweli?"

Mwayo ulimtoka Torgeir kabla ya jibu.

"Ndiyo. Kwa hiyo utasema. Wote husema, ndivyo wanavyowapata." Sauti ilipungua ukali. "Sikiliza. Mtoto asitoke nje tena. Usilale yeye akiwa amelala. Jua likirudi, likigusa kizingiti chako hata kama ni dakika moja, huyo mama atashuka kwao na maziwa yake yatamtoka mtoto. Huko kwenu jua linarudi lini?"

"Jumamosi, kukiwa na anga safi."

"Na mkeo?"

"Ijumaa, helikopta ikiruka."

"Basi jikaze mpaka Ijumaa. Mkiwa wawili mtapokezana. Na usinishukuru." Akakata.

Ilikuwa Jumatano. Torgeir alisukuma kigari mpaka kibandani akakifungia. Alipika kahawa nzito kama lami. Aslak alilia kutwa, kilio cha mtu aliyeachishwa ziwa kwa nguvu, na kila baada ya muda alinyamaza ghafla, akageuza kichwa ukutani, akatabasamu. Jorid alikataa kwenda chekechea. Alikaa chini ya meza na mwanasesere wake.

"Amekasirika?" Torgeir alimwuliza, naye aliona aibu kumwuliza mtoto swali kama lile.

"Hapana," Jorid alinong'ona. "Anasubiri. Anakuhurumia, baba. Anasema umechoka."

Alhamisi kulianza kusikika nyayo. Hazikuwa juu ya theluji. Zilikuwa chini ya sakafu, miguu mitupu inayopita kwenye udongo, ikitoka jikoni kwenda chumbani, ikisimama kila mahali Aslak alipowekwa. Torgeir alimbeba akapanda naye ghorofani, na kule juu hazikufika, lakini kiredio cha mtoto, ambacho alikuwa amekizima na kutoa betri zake na kukitupa kwenye droo pamoja na vijiko, kilianza kuvuma wimbo ule usio na mdomo, mpole, mtamu, wimbo ambao hata yeye mwenyewe ulimfanya kope ziwe nzito na magoti yalegee na mikono inayomshika mtoto ianze kufunguka kidogo kidogo kama mkono wa mtu anayezama anavyoiachia kamba, mpaka Jorid alipomwuma kidole kwa meno yake madogo na yeye akaruka, akamkuta Aslak ameteleza hadi mapajani pake na mlango wa ngazi, ambao aliufunga, uko wazi, na kwenye kila ngazi kuna tone la maziwa, jeupe, lililoganda.

Alimkumbatia Jorid mpaka akalalamika. "Usiniache nilale," alimwambia. "Ukiniona nalala, niume tena."

"Nitakuuma mpaka damu," Jorid aliahidi kwa furaha.

Ijumaa asubuhi Aslak alikunywa chupa. Ilikuwa kidogo, vidole viwili tu vya maziwa, lakini aliyameza, akacheua, na Torgeir alilia kama mjinga juu ya sinki. Shingo ya mtoto ilikuwa na uvuguvugu. Ujumbe wa Solrun ulikuwa umeingia: *Tumeshavaa, tunasubiri helikopta. Nitawapikia maandazi ya jua.* Hayo ndiyo tunayokula siku jua linaporudi, yenye jamu nyekundu katikati, kijiji kizima kikiwa kimesimama mlimani kulingojea. Baada ya hapo Jorid alichukua simu akatazama katuni mpaka ikazimika, na Torgeir hakukumbuka kuichaji. Alikuwa ameanza kuona vitu pembeni mwa macho, mbwa ambao hawakuwepo, kofia yake ikitembea.

Alasiri, giza likiwa limeshika kila kitu, mlango wa mbele uligongwa.

Alisimama nyuma yake na Aslak begani. "Nani?"

"Mimi. Nifungulie, mikono imejaa."

Ilikuwa sauti ya Solrun. Alichungulia kwenye kioo cha mlango, akaona uso wa Solrun, kofia ya Solrun, ile sweta ya sufu aliyofumiwa na mama yake ikiwa imelowa theluji. Torgeir alifungua, akaegemea ukuta.

"Karibu. Ingia, ingia. Umekuja."

"Nimekuja," alisema, akavuka kizingiti. Alimwangalia mumewe kuanzia juu hadi chini, na macho yake yalijaa huruma. "Maskini. Angalia ulivyokonda."

Jorid alitoka chini ya meza mbio. Siku zote mama yake akirudi kutoka baharini yeye hununa nusu siku, humfichia uso, humwadhibu kwa kuondoka. Leo alimrukia kiunoni akacheka. Aslak naye alinyoosha mikono, mwili mzima ukimtetemeka kwa kutaka.

"Kuna jambo lazima nikwambie," Torgeir alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Usiku huu tukae macho, mmoja wetu. Mpaka kesho jua…"

"Nitakaa mimi. Mimi ni mama yao." Alinyoosha mikono. "Nimchukue?"

"Mchukue," alisema Torgeir. "Mchukue kabla sijamwangusha."

Alimkabidhi. Uzito ulipotoka mikononi mwake alihisi kama anapaa. Alichomeka simu kwenye umeme pembeni mwa kitanda, kwa mazoea tu, akaanguka bila kuvua suruali. Kitu cha mwisho alichosikia kilikuwa ni sauti laini mlangoni mwa chumba.

"Lala, baba watoto. Umefanya kazi ya kutosha."

Aliamshwa na simu. Dirishani kulikuwa na mwanga wa kijivu, wa mchana, na kwa mbali alisikia watu wakizungumza wakishuka mlimani, sauti za watu waliongojea kitu wakakikosa. Hakuona mlima. Hakuona hata kibanda. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu.

"Torgeir! Hatimaye! Nimekupigia tangu jana jioni!" Ilikuwa Solrun, na nyuma yake mashine zilinguruma. "Tumefungwa na ukungu huku, helikopta haijanyanyuka kabisa. Labda kesho, wanasema. Wanangu wakoje? Jua mmeliona?"

Kutoka jikoni ulikuja wimbo, usio na mdomo.

Alitembea kuelekea huko na simu sikioni, akikanyaga sakafu yenye maji, maji yaliyotoka mlangoni mpaka kwenye benchi. Yule mwanamke alikuwa amekaa pale kwa uso wa mkewe. Aslak alikuwa kifuani pake ananyonya, amevaa nguo zake zote za nje, na mashavu yake yalikuwa meupe kama karatasi. Jorid alikuwa ameketi kando yake, naye amevaa koti, kofia, viatu, kila kifungo kimefungwa sawasawa, glavu nyekundu zote mbili ziko mahali pake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umeingia hadi miguuni mwa meza.

"Tulikuwa tunakusubiri uamke," mwanamke alisema kwa upole. "Tunaondoka, baba watoto. Nilitaka kukuuliza kwanza." Aliweka mkono wenye maji kwenye kichwa cha msichana. "Na Jorid je? Nimchukue?"

"Torgeir?" Solrun alipiga kelele simuni. "Hiyo ni sauti ya nani? Nani yuko na wanangu?"

Torgeir alimwelewa mwanamke wakati huo huo. Aslak alikuwa ameshamtoa mwenyewe, kwa mkono wake na kwa kinywa chake. Lakini Jorid hakuwa amemsema bado. Kwa ajili ya Jorid, huyu angengoja. Na maadamu anangoja benchini, Aslak alikuwa bado ndani ya nyumba ya baba yake, na kesho ukungu ungeweza kuondoka, na jua lingeweza kufika kizingitini hata kama ni dakika moja.

"Namba imekosewa," alisema kwenye simu, akaikata huku jina lake likiitwa.

Alivuta kiti akaketi mbele yao, karibu kiasi cha kugusa kiatu cha mtoto. Alijilazimisha kutabasamu.

"Mbona haraka, mke wangu? Mchana bado huu. Ngoja kwanza nipike kahawa, tuongee mambo ya watoto, taratibu. Mpaka kesho, hata."

Mwanamke alimweka Aslak vizuri kifuani, akaegemea ukuta kama mtu aliyefika kwake.

"Sina haraka," alisema. "Mimi huwa silali. Wewe je?"